Majani yameungua ncha? Onja maji kabla hujanunua mbolea

Chuma majani mawili kwenye mmea unaokusumbua: moja la zamani kutoka chini kabisa, na moja changa kutoka juu. Yalaze juu ya karatasi nyeupe, uyatazame kwenye mwanga. Ninalima bustani ya uani hapa Makorora, Tanga, kwa maji ya aina tatu, ya bomba, ya kisima na ya mvua, na sijapata kipimo kisicho na gharama kinachokishinda hiki. Maji ya chumvi huliumiza kwanza jani la zamani. Maji yenye chokaa nyingi huliumiza kwanza jani changa. Ukishajua ni lipi limeanza kuumia, nusu ya kazi umeimaliza.

Nasema hivi kwa sababu naona miti mingi ikifa mikononi mwa watu wanaoipenda. Jani likibadilika rangi, mtu hukimbilia duka la pembejeo, hurudi na mfuko wa mbolea. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi, si ya mezani, lakini kwa mzizi kazi ni ileile ya kushindania maji. Mmea uliokuwa unalemewa na chumvi ya kisima unaongezewa mzigo mwingine, na baada ya wiki mbili mwenye bustani anasema udongo wake ni mbaya.

Maji yetu yanatoka wapi

Maji ya bomba ya jiji la Tanga yanatoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki na kukusanywa kwenye bwawa la Mabayani. Ni maji baridi, mepesi, chumvi yake ndogo. Wakati wa masika huweza kuja na tope, lakini kwa mimea tope si tatizo.

Visima ni habari nyingine, na kisima cha mtaa mmoja hakifanani na cha mtaa wa pili. Ukanda wa pwani, kama Raskazone, Sahare, Mwambani hadi Tongoni, umekaa jirani na bahari, na chini ya ardhi maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiteka taratibu unapata yale ya juu. Ukifunga mota na kuvuta kwa saa nyingi, yale mazito ya chini yanapanda kuja kwako. Huku upande wa Amboni, Kiomoni na Pongwe mwamba ni wa chokaa, uleule uliochongwa na maji ukatoa mapango ya Amboni. Maji yanayopita humo hayana lazima ya kuwa na ladha ya chumvi, lakini yanabeba chokaa iliyoyeyuka, ile inayoacha ukoko mweupe kwenye birika.

Basi usiseme tu "maji ya kisima ni mabaya". Mabaya kwa namna gani? Hapo ndipo penye dawa.

Jaribio la sufuria na limao

Chukua lita moja ya maji yako, ichemshe kwenye sufuria safi hadi yakauke kabisa, ukipunguza moto mwishoni. Utabaki na unga au ukoko. Kwanza tazama wingi wake: ukungu mwembamba tu, au unaweza kuukwangua kwa kijiko? Kisha kamulia matone ya limao. Ukichemka vipovu, hiyo ni chokaa. Usipochemka, na ukiuonja kwa ncha ya ulimi unakuta chumvi, jibu unalo. Visima vingi vya hapa kwetu vina vyote viwili, kwa hiyo angalia kipi kimezidi.

Jaribio la pili ni la sabuni ya mche. Maji yenye chokaa hayatoi povu upesi, na huacha utando mzito kwenye beseni.

La tatu ni kwa wa pwani pekee. Chota kikombe alfajiri kabla mtu hajateka, na kingine jioni baada ya mota kufanya kazi. Rudia wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kisha siku za maji mafu. Onja kidogo, utemee. Kama ladha inabadilika, kisima chako kinapumua na bahari, na saa ya kuteka maji ya bustani ni ile ambayo ladha ni ndogo. Mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajashuka, ndipo hali huwa mbaya zaidi.

Ulimi lakini unachelewa. Mpaka wewe uone chumvi, maharage yamekwisha kuumia. Ukiweza kupata kipima chumvi kidogo cha mkononi, kinachoonyesha namba kwa desisimensi kwa mita (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda), kitakusaidia sana. Kwa vipimo vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida kwa mimea mingi, kati ya 0.7 na 3.0 yanataka uangalifu, na juu ya 3.0 ni mabaya kwa karibu kila kitu cha bustani. Kuna vipima vinavyoonyesha miligramu kwa lita. Hapo zidisha desisimensi kwa takriban 640 upate kulinganisha.

Ncha na kingo zimekauka, majani ya chini yakianza

Hii ndiyo kesi ninayoletewa mara nyingi kuliko zote. Ncha inageuka kahawia, kavu, kama iliyopitishwa karibu na jiko, kisha ukavu unatambaa kandokando ya jani. Udongo una unyevu lakini mmea unanyauka mchana. Juu ya udongo, au ubavuni mwa chungu cha udongo wa mfinyanzi, kuna vumbi jeupe.

Chanzo chake ni hesabu. Tuseme maji yako yana gramu moja ya chumvi kwa lita, kiasi ambacho wengi wetu tunakizoea. Chungu unakipa lita moja kila siku. Mmea unakunywa maji, jua linapokea mengine, chumvi inabaki. Kwa mwezi mmoja umeweka gramu 30, karibu vijiko vitano vya chai, ndani ya chungu kimoja. Mmea uliopandwa ardhini una nafuu kwa sababu mvua huusafisha. Wa chunguni hauna pa kukimbilia.

Bibi mmoja wa Sahare aliniita kwa ajili ya asumini yake. Nilipomwamkia shikamoo, akaitika marahaba na hapohapo akanishika mkono kunipeleka uani. "Mwanangu, nimeitilia samadi ya kuku, nimeitilia majivu, haitaki. Na kisima nimwagiliacho ni hikihiki tangu nilipoolewa." Nikachuma majani mawili. La chini lilikuwa limeungua pande zote, la juu zima ila dogo. Nikamwuliza, bibi, mnateka kwa ndoo? Akasema zamani, siku hizi wajukuu wamefunga mota, na majirani watatu nao wamechimba. Kisima kilikuwa kilekile, maji yake hayakuwa yaleyale tena. Samadi mbichi ya kuku ina chumvi yake, majivu yana yake, na kila alipoionea huruma asumini ndivyo alivyoizidishia.

Tulifanya hivi, nawe fanya hivi. Hakikisha chungu kina matundu chini na maji yanatoka. Ondoa vumbi jeupe la juu pamoja na udongo wa unene wa kidole. Kisha mimina maji baridi, ya bomba au ya mvua, polepole, hadi ujazo wa maji uliyomimina ufike mara mbili ya ujazo wa chungu: chungu cha lita 10 kipate lita 20. Maji yanayotoka chini yamwage, yasikae kwenye kisahani maana mmea utayanywa tena. Acha kikauke kidogo, rudia baada ya wiki. Usitie mbolea yoyote mpaka uone majani mapya. Yale yaliyoungua hayarudi kijani. Usiyahesabu, tazama yanayochipua. Asumini ya bibi ilichipua safi wiki ya nne, na alinitumia mtoto na kikuba kumwonyesha mke wangu.

Kwa mimea ya ardhini, jambo kubwa ni namna ya kumwagilia. Kidogo kidogo kila jioni huiacha chumvi palepale penye mizizi. Afadhali kumwagilia kwa kushiba, maji yazame chini kabisa yakisukuma chumvi, halafu upumzike siku mbili tatu. Udongo wetu wa kichanga unasaidia hapa. Tandaza majani makavu juu ya udongo ili jua lisiuvute unyevu. Na maji ya chumvi yaelekeze kwenye udongo, kamwe si juu ya majani, hasa mchana wa jua.

Kama kisima ndicho chanzo pekee, badilisha unachopanda. Kwa vipimo hivyohivyo vya FAO, maharage huanza kupunguza mavuno maji yakifika 0.7, na karoti vilevile, kitunguu 0.8, pilipili hoho 1.0, mchungwa 1.1, nyanya na tango 1.7. Kunde zinavumilia hadi 3.3. Maharage na kunde ni ndugu, lakini tofauti yao mbele ya chumvi ni karibu mara tano, na wazee wa pwani walipopenda kunde hawakukosea. Mnazi nao haujali.

Chumvi nyingine inaingia kwa mlango ambao hatuutazami. Makumbi ya nazi yanayofukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kamba ni laini na yanapendeza kuchanganya na udongo wa vyungu, lakini yamelowa chumvi. Mchanga wa ufukweni kadhalika. Ukivitumia, vioshe kwa maji baridi mara tatu au nne kwanza.

Majani machanga ni njano, mishipa imebaki kijani

Hapa jani la juu linapauka kuwa la njano, pengine jeupe kabisa, ila mishipa yake inabaki kijani kama ramani ya mito. Majani ya chini ni mazima. Mlimao, mndimu, mchungwa, waridi na asumini ndizo zinazoonyesha haraka.

Mmea unakosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo tele udongoni. Maji ya chokaa, mwaka baada ya mwaka, yameufanya udongo kuwa na magadi, na katika udongo wa namna hiyo chuma kinajifunga na hakiyeyuki. Mizizi inakigusa bila kuweza kukinywa. Chuma hakihami kutoka majani ya zamani kwenda mapya, ndiyo maana machanga ndiyo yanayolia. Linganisha na ukosefu wa naitrojeni: pale mmea huhamisha akiba kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo jani la zamani linageuka njano lote, mishipa na yote. Huyo wa pili ndiye anayehitaji samadi. Huyu wa kwanza ukimpa urea anarefuka, na njano inazidi.

Nimeona misumari yenye kutu imefukiwa chini ya milimao, desturi ambayo wengi tuliirithi. Kutu ni chuma cha aina ileile isiyoyeyuka, kwa hiyo kwenye udongo wa chokaa haisaidii. Siki au maji ya limao kwenye ndoo hufanya kazi siku chache tu, kisha vijidudu vya udongo vinaila ile asidi na magadi yanarudi. Kinachosaidia ni kubadili maji: mmwagilie mlimao maji ya mvua au ya bomba, weka mboji iliyooza vizuri kuzunguka shina bila kuligusa, na uache kabisa majivu. Kama mti umedhoofika sana, dukani kuna chuma kilichotengenezwa kisinaswe na chokaa. Soma kibandiko: kile chenye herufi EDDHA hudumu kwenye udongo wa chokaa, chenye EDTA huachia mapema. Watu hulipia cha pili kwa bei nafuu, wakaona hakuna kitu, wakakata tamaa na mti wenyewe.

Maji yanatuama, udongo umekuwa sakafu

Uliza kwanza: maji ya kufulia yanamwagwa wapi?

Sabuni ya unga ina sodiamu nyingi na magadi makali. Sodiamu inavunja vile vidonge vidogo vya udongo wa mfinyanzi, vumbi linaziba matundu, na maji yanakaa juu yakimetameta huku mizizi ina kiu. Kwenye mchanga mtupu madhara haya ni madogo. Kwenye udongo wa mfinyanzi ni makubwa.

Si lazima kuyatupa. Maji ya kwanza yenye povu, na yoyote yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, yapeleke mbali na mimea. Maji ya kusuuzia, mkono wa pili na wa tatu, yanafaa kwa migomba, minazi na miti ya kivuli, ukihamisha sehemu kila mara. Usiyatie kwenye mboga zinazoliwa mbichi wala giligilani, na usiyalaze kwenye ndoo hadi kesho, yanaoza. Palipokwisha haribika, tia jipsamu, ile inayochimbwa Makanya upande wa Same, kiasi cha nusu kilo kwa mita moja ya mraba, kisha mwagilia kwa wingi maji baridi. Jipsamu inaiondoa sodiamu kwenye udongo, lakini maji ndiyo yanayoibeba kwenda chini. Bila maji hakuna faida.

Maji ya kuoshea mchele hayana shida. Ya kuchemshia viazi vilivyotiwa chumvi na ya kuoshea samaki wa baharini yana shida, hata kama yanaonekana ni kidogo.

Mbegu haioti, au mche unalala chini siku ya tano

Mche mchanga mara nyingi hauvumilii chumvi inayovumiliwa na mmea mkubwa wa aina yake. Kitalu kipe maji bora uliyonayo, basi. Nikipata ndoo moja tu ya maji ya mvua, inakwenda kitaluni. Angalia pia mpira: uliolala juani ukiwa na maji ndani hutoa maji ya moto kabisa dakika ya kwanza, na mche ukipigwa nayo hausimami tena. Achia yamwagike pembeni hadi yapoe.

Madoa juu ya majani

Madoa meupe yanayobaki pale matone ya maji yalipokaukia ni chokaa ya maji. Hayadhuru, mwagilia chini. Madoa ya rangi ya kutu, na maji yanayotoka kisimani meupe kisha yakawa mekundu kwenye ndoo, ni chuma. Mmea hauumwi nacho, ila kitaziba matundu ya mpira wa matone. Yaache maji kwenye pipa usiku kucha, tope litulie chini, tumia ya juu.

Na klorini?

Klorini inalaumiwa kuliko inavyostahili. Ile inayobaki kwenye maji ya bomba, mara nyingi kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, inaishia kwenye udongo wa juu kabla haijaufikia mzizi. Anayependa, aache ndoo wazi hadi kesho, itapotea. Lakini tafadhali usiache maji ya bomba kwa kuogopa klorini ukaenda kumwagilia ya kisima chenye chumvi. Nimeona hilo, na waridi ndio walioumia.

Kabla hujayahukumu maji

Tazama mmea pande zote. Ulioungua upande mmoja tu, ule unaotazama bahari, umeunguzwa na upepo wenye chumvi. Dawa ni kuuhamisha au kuukinga kwa makuti. Maji mabaya huunguza pande zote. Ukinyauka mchana, ng'oa mche mmoja utazame mizizi: vinundu kama shanga, kwa mmea usio wa jamii ya maharage na kunde, ni minyoo fundo, na hao hawaondoki kwa kubadili maji. Mizizi myeusi yenye harufu ni maji mengi mno, hata yakiwa matamu namna gani.

Kuweka mvua akiba

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000. Toa inayoruka na kuvuja, unabaki na kama 800. Mvua ya kwanza baada ya kaskazi usiikinge, maana bati limejaa vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Iache ioshe paa kwa dakika kumi au zaidi, ndipo ugeuze bomba lielekee kwenye pipa. Funika kwa kifuniko na kitambaa, jua lisiingie kuotesha ukijani, na mbu wasitage.

Akiba ikipungua, mimi naigawa hivi: kitalu, halafu mlimao wa chunguni, halafu asumini na waridi, halafu nyanya zikiwa zimeanza kutoa maua. Bamia na mchicha napokezanisha, siku ya mvua na siku ya kisima. Kunde na mnazi hunywa kisima mwaka mzima, na chungu chochote kilichokunywa kisima kwa mwezi mmoja nakisuuza ndoo moja ya bomba Ijumaa ya mwisho, kabla sijaenda kuoga kwa ajili ya sala.